Nusu Yangu ya Shamba la Ulezi

Nilimwonea wivu mke wa shemeji yangu kwa miaka tisa kabla sijakubali kuuita wivu. Mwanzoni nilijiambia kwamba simpendi tu, hata watu wengine huwa hawapendani bila sababu. Baadaye nikajiambia ana maringo, ingawa mtu angeniuliza maringo yenyewe kayaonyesha wapi, ningebabaika. Ukweli ni kwamba alijua kulima ulezi na mimi sikujua, na katika familia tuliyoolewa sisi wawili, hilo lilikuwa na uzito kuliko cheti changu cha ualimu.

Mimi ni mtoto wa Muleba, nimekulia kwenye migomba. Kwetu kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndicho kinachokula kila kitu. Samadi ya ng'ombe inakwenda huko, majivu ya jikoni huko, maganda ya kahawa na ya maharage huko, na nyasi tulizofyeka mbali tukazibeba kichwani, nazo huko huko. Mgomba ukionekana dhaifu unaongezewa samadi. Ukiwa na afya unaongezewa vilevile, usije ukadhani umesahauliwa. Ulezi tuliununua dukani ukiwa tayari unga, wa kumpikia mgonjwa uji.

Kisha nikaolewa Nyakakika, wilaya ya Karagwe, na nikapangiwa kufundisha shule ya msingi isiyo mbali na kwa mume wangu. Huku ulezi ni jambo zito. Wenyewe wanauita oburo, na ugali wake ndio wanaoandaliwa wakwe wakija. Haulimwi kibanjani. Unalimwa nje, kwenye rweya, ile nchi ya nyasi iliyo wazi ambako wafugaji hupitisha ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Mbegu yake haitafutwi dukani. Upande wa mume wangu alikuwapo mwanamke mmoja wa kuitunza kwa niaba ya ukoo mzima, akiyafunga masuke bora mafungu mafungu na kuyaning'iniza juu ya mafiga ili moshi uyalinde na wadudu. Mwanamke huyo alikuwa mama mkwe wangu, na yeye aliipokea mbegu hiyo kwa mama mkwe wake.

Wanawake wa ukoo walikuja kwake kuomba mbegu. Wakija wanaketi, na wakishaketi wanauliza na mambo mengine: binti huyu aolewe wapi, ndugu yule asamehewe au asisamehewe. Mwenye mbegu ndiye aliyekuwa mama wa wote. Mimi nilikuwa mke wa mtoto wa kwanza, nimeolewa kanisani, nina kazi ya serikali. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mbegu ile ingeweza kwenda kwenye mlango mwingine.

Mke wa shemeji alikuja miaka mitano baada yangu. Alitoka Kimuli, upande wa Kyerwa, na shule aliishia darasa la saba. Kwa kuwa mumewe ni mdogo wa mume wangu, nilimwita mdogo wangu, naye akaniita dada, na maneno yote mawili tuliyatamka kwa adabu. Mama mkwe alikuwa akiniita mwalimu. "Karibu mwalimu. Asante kwa sukari, mwalimu." Nilipenda, nilidhani ananipa heshima. Kisha nikamsikia akimwita mwenzangu "mwanangu", na tangu siku hiyo kila nikiitwa mwalimu nilisikia mlango ukifungwa kwa upole.

Walikuwa wanatoka asubuhi wawili hao kwenda rweya na kurudi miguu ikiwa na tope, wakicheka Kinyambo chao. Kihaya changu na Kinyambo ni ndugu, kwa hiyo ningeweza kufuata, lakini wakiniona wanapunguza mwendo wa maneno ili nielewe vizuri. Hilo liliniudhi kuliko kama wangenyamaza. Nilikuwa nakwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa sita, mama mkwe alituita sote wawili. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu mbele, magoti yamevimba.

"Magoti haya yamenikatalia rweya," alisema. "Vuli hii shamba langu la oburo mtalilima ninyi, kila mmoja nusu. Mwezi wa kwanza nitakuja kuangalia, nijue mbegu niiweke mkononi mwa nani."

Hakusema ni mashindano. Mimi ndiye niliyesikia mashindano, na nikayasikia mpaka masikio yakapata moto. Mwenzangu alisema, "Sawa mama," akainuka kwenda kumchemshia maji ya kukanda magoti. Hata hilo nililihesabu. Niliona ameanza kampeni.

Shamba lilikuwa moja, kwenye mteremko mmoja, na msimu uliotangulia lilikuwa na maharage lote. Tuligawana kwa kamba ya mgomba iliyonyooshwa kutoka juu hadi chini. Nusu ya kushoto yake, ya kulia yangu. Hakuna ambaye angekuja kusema mmoja kapewa udongo mbaya.

Mwezi wa nane alianza kufanya mambo yake. Alifyeka nyasi zilizoota baada ya maharage, akakatua udongo wa juu pamoja na mizizi yake, akaacha vikauke. Kisha akavikusanya vichuguu vichuguu, nyasi ndani na udongo juu, akawasha kwa chini. Moto wenyewe haukuonekana. Ulitoka moshi mwembamba tu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, naye anapita anaziba nyufa kwa jembe ili usiwake kwa nguvu. Mwishoni akabomoa vichuguu na kutawanya udongo ule mwekundu uliochanganyika na majivu. Nilimuuliza mume wangu, ambaye ni mtu wa kahawa, ulezi anaujua ukiwa sahanini tu, maana yake nini.

"Anapika udongo," alisema akicheka. "Mama naye alikuwa anaupika."

Nilifundisha darasa la tano mwaka ule ule kwamba kuchoma nyasi ni kuharibu ardhi. Niliona mwenzangu amejimaliza mwenyewe. Usiku nikasoma kwenye simu habari za mbolea, nikakuta kwamba mmea unahitaji naitrojeni ili uwe kijani na ukue haraka, na kwamba samadi ya ng'ombe inayo. Yalikuwapo na maelezo mengine chini. Sikuyafikia, nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitaka.

Kuna familia ya wafugaji tunayosali nayo kanisa moja. Zizi lao lilikuwa limejaa kinyesi hadi magotini, na mvua zote za masika zilikuwa zimekilowesha. Walinipa bure, wakashukuru mimi kuwapunguzia. Nilimbembeleza mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anayebeba ndizi za mnadani, akapiga safari tatu. Nikamwaga mlima mzima wa samadi kwenye nusu yangu, nikaanza kusambaza na beleshi, jasho linanitoka na roho inaniimba.

Mwenzangu akanikuta pale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Aliinama, akachukua bonge moja, akalivunja kwa vidole na kulinusa. "Dada, hii bado mbichi."

"Itaivia humu humu."

"Ingelala kwanza, hata mwaka mzima, mpaka iwe unga. Au uipeleke kibanjani, migomba itaifurahia. Oburo ukishiba sana, dada, una..."

"Mdogo wangu," nilimkata, "kila mtu na nusu yake."

"Sawa dada."

Alisimama kidogo, ameshika jembe, akaonekana kutaka kuongeza neno. Kisha akaondoka. Mimi nilitabasamu peke yangu pale kwenye mavi ya ng'ombe. Niliamini amepata hofu. Niliamini amekuja kunizuia kwa sababu ameona nitamshinda, na nikasambaza yaliyobaki kwa nguvu mpya.

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa tisa, tukapanda. Baada ya wiki sita hivi ulezi wangu ulikuwa wa kupigiwa picha. Ulikuwa kijani cha kuelekea weusi, majani mapana, umefika magotini. Wake ulikuwa mfupi, mwembamba, na manjano kidogo. Watu waliokuwa wakipita kwenda mnadani walisimama kwenye nusu yangu. Mmoja alisimamisha bodaboda yake kabisa. Na mimi nikaupiga picha, nikihakikisha ulezi wa mwenzangu unaonekana pembeni, nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shemeji yangu mwingine, aliyeko Mwanza, akaandika, "Mwalimu kiboko." Wengine wakafuata. Mwenzangu alichelewa, kisha naye akaandika, "Hongera sana dada." Ujumbe huo niliusoma mara nyingi jioni ile nikitafuta maumivu ndani yake. Sikuyapata, nikaamua ameyaficha.

Sasa niseme la palizi. Ulezi unapaliliwa kwa kupiga magoti, mmea kwa mmea, na samadi mbichi ilikuwa imeniletea mgeni nisiyemjua. Ng'ombe wanakula nyasi za rweya, na mbegu za nyasi hizo zinapita tumboni zikiwa hai. Mojawapo ni ulezi mwitu, ambao ukiwa mchanga huwezi kuutofautisha na ulezi wa watu mpaka ufundishwe kutazama shina kwa chini, la mwitu likiwa bapa na jeupe. Mimi sikufundishwa, kwa sababu sikuuliza. Kila siku baada ya vipindi nilikwenda shambani na kanga kiunoni, nikang'oa miche ya ulezi wangu mwenyewe na kuyapalilia magugu. Nilichagua iliyonona, nikaiacha. Iliyonona ndiyo iliyokuwa magugu.

Suke lilipotoka ndipo nilipojua. Huku na kule lilitoka suke la kweli, lenye vidole vinene vilivyokunjika. Kwingine kote vilitoka vijiti vyembamba vilivyotanuka, visivyo na kitu. Nilipita katikati nikiwa nimeshika kifua. Bado nilijipa moyo: hata ile michache ya kweli ilikuwa mirefu mno, ingejaza.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja ikanyesha mvua ya upepo. Asubuhi kabla ya kwenda shuleni nikapitia rweya, nikakuta nusu yangu yote imelala chini. Mashina yalikuwa marefu na laini, yamejaa maji, hayakuweza kubeba suke lililolowa. Yalilala kuelekea bondeni, masuke kwenye tope. Ng'ambo ya kamba, ulezi wa mwenzangu ulikuwa umesimama. Ulikuwa umeacha umanjano wake siku nyingi bila mimi kutaka kuona. Mashina yake yalikuwa mafupi, magumu, na kila shina limefumba ngumi nzima ya suke. Nilisimama mpakani nikiutazama upande wake muda mrefu kuliko wangu. Sikulia kwa ajili ya ulezi wangu. Nililia kwa sababu wake ulikuwa mzuri.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, nilikuwa shambani nikijaribu kuokoa masuke yaliyolala. Mbuzi watatu wa jirani walikata kamba walizofungiwa wakaingia kwenye nusu ya mwenzangu. Niliwaona wanavyoingia. Nilikuwa na fimbo, nilikuwa karibu, na nikasimama. Walikula suke la kwanza, wakala mstari wa pembeni, na mimi nikawa natazama vidomo vinavyokwenda, na kifuani nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile mvua. Sijui nilisimama muda gani. Mmoja aliponyanyua kichwa na kunitazama ndipo nikaona aibu, nikawafukuza kwa mawe.

Jioni mwenzangu alikuja kwangu na kikapu cha viazi vitamu.

"Nimeona nyayo zako kule, dada," alisema. "Ungekuwa hukuwepo, wale mbuzi wangemaliza lote. Mungu akubariki."

Nilipokea viazi. Nilimwambia, "Si kitu, mdogo wangu." Watoto walivila usiku ule, mimi nikasema tumbo linaniuma.

Mwezi wa kwanza mama mkwe akaletwa kwa bodaboda hadi ukingoni mwa shamba, kashika bega la dereva kwa mkono mmoja na mkongojo kwa mwingine. Tulimwamkia sote. Alianza na nusu yangu. Aliomba nimng'olee shina moja, akalikunja, likakunjika bila kuvunjika. Akataka nimpe na udongo kidogo. Aliufinya mkononi.

"Hapa pana nguvu nyingi," alisema.

"Ndiyo mama. Niliweka samadi ya kutosha."

"Uliona ni mgomba?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, hakukuwa na kejeli. Nikaitikia kwamba ndiyo, nadhani niliona ni mgomba. Akatikisa kichwa taratibu. Alinieleza, na ilikuwa mara ya kwanza kunieleza jambo la shamba, kwamba pale lilipokuwa zizi la zamani la mume wake, mwaka wa kwanza alipanda maboga, wa pili maharage, na oburo akaupanda wa tatu, makali yakiwa yamepungua. Oburo haukatai samadi, alisema, unataka masazo yake.

Kisha akamwonyesha mwenzangu kwa mkongojo. "Hata huyu aliulaza wake, mwaka aliokuja. Wote. Hukuuona?"

Niliuona. Nilikuwa nimeusahau kwa makusudi. Bi harusi mgeni kutoka Kimuli alijaza mbolea ya kuku kwenye kiploti alichopewa, ulezi ukamlalia, na mimi nikaenda kuwasimulia walimu wenzangu ofisini tukacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Yeye, siku ile ile ulipolala, alikwenda kwa mama mkwe akaketi chini, akauliza. Ndizo zile safari za asubuhi nilizozionea wivu. Na ndilo neno alilotaka kuniambia siku ya samadi, nilipomkata.

Mchana huo, nyumbani, mama mkwe aliomba mafungu ya mbegu yashushwe kutoka juu ya mafiga. Yalikuwa meusi kwa moshi. Akayaweka mapajani mwa mwenzangu, akaifunika mikono ya mwenzangu kwa yake mwenyewe. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa chumba. Vigelegele nilivianzisha mimi, mtu asije akasema sikufurahi, na nilivipiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Mwaka uliofuata samadi niliyopewa nikaipeleka kibanjani, na siku hizi napika udongo wangu. Mwenzangu ndiye anayenifundisha. Hanifichi kitu. Anapiga magoti pamoja nami wakati wa palizi, ananishika mkono kuuelekeza kwenye shina, "Hili la watu dada, hili la porini." Wanawake wanakuja kwake kuomba mbegu, wanaketi, wanauliza habari za ndoa na za ugomvi. Naye likimfika jambo gumu anasema, "Ngoja tumsikie na dada." Na mimi nachukia anaposema hivyo.

Mwezi wa nane uliopita nilikwenda na bakuli kuomba mbegu kama wengine. Alinijazia mpaka zikamwagika, akaokota zilizomwagika mkekani, akaongeza. Nilipofika nyumbani nilizimwaga kwenye ungo, nikaketi mlangoni kwenye mwanga, nikazichambua kwa vidole. Nilikuwa natafuta makapi, mchanga, punje zilizotobolewa na wadudu, kitu chochote cha kunipa haki ya kunung'unika. Nilichambua tangu chakula cha mchana mpaka watoto wakarudi kutoka shuleni. Zilikuwa safi zote.